Pazia la Jicho

Mwambie mwenzako akae mbele yako penye mwanga, kisha utazame jicho lake kwa makini. Utaona sehemu tatu. Ya kwanza ni weupe wa jicho. Ya pili ni duara lenye rangi, lililo katikati ya weupe ule; kwa watu wetu wengi rangi yake ni ya kahawia au karibu na nyeusi, na kwa watu wengi wa kaskazini ya Ulaya ni ya samawati au ya majivu. Ya tatu ni doa jeusi lililo katikati ya duara lile, nalo huitwa mboni. Wengi hudhani ya kuwa mboni ni kitu cheusi kilichobandikwa juu ya jicho. Sivyo. Mboni ni tundu tu. Ni nyeusi kwa sababu ile ile iufanyayo mlango wa nyumba kuonekana mweusi ukiutazama kutoka nje wakati wa jua kali: ndani mna giza.

Lile duara lenye rangi ndilo habari ya somo letu. Matabibu huliita irisi. Jina hili limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni upinde wa mvua, kwa ajili ya rangi zake. Upana wake ni kama milimita 12, nalo ni jembamba sana. Mbele yake pana kioo kiangavu kiitwacho konea, mfano wa kioo cha saa. Nyuma yake pana lenzi, ambayo kazi yake ni kukusanya nuru. Kati ya konea na lenzi mna maji safi, na irisi imo ndani ya maji yale, imetandazwa kama pazia.

Kazi ya pazia hili ni kupima nuru. Fanya jaribio hili. Keti mbele ya kioo penye mwanga, ufunike macho yote mawili kwa viganja vyako, uhesabu mpaka 20, kisha uondoe mikono ghafula. Utaona mboni zilikuwa kubwa, na mara hiyo zinasinyaa. Gizani mboni ya kijana yaweza kupanuka ikafika milimita 8. Penye mwanga mkali husinyaa ikawa milimita 2 tu. Sasa fanya jaribio la pili. Mwambie mwenzako asimame penye kivuli, umulike jicho lake moja kwa tochi ndogo, huku ukilitazama jicho la pili. Utaona mboni zote mbili zinasinyaa pamoja, ijapokuwa nuru imeingia katika moja. Maana habari hupelekwa kwanza katika ubongo, na ubongo hutoa amri kwa macho yote mawili. Ndiyo sababu daktari humulika macho ya mtu aliyezimia, apate kujua hali ya ubongo wake.

Irisi hufanya kazi hii kwa misuli miwili. Mmoja umeuzunguka ukingo wa mboni kama uzi wa mfuko wa fedha. Uzi ukivutwa, mdomo wa mfuko hufumba. Mwingine una nyuzi zilizopangwa kama njiti za gurudumu; huo ukivuta, mboni hupanuka. Hatuiamuru misuli hii kwa mapenzi yetu, lakini ziko dawa ziwezazo kuiamuru, kama tutakavyoona.

Basi, mwanafunzi, uyashike maneno haya mawili: irisi ni pazia lililo ndani ya maji, na mboni ni tundu lake. Maana magonjwa mengi ya irisi huleta hasara kwa njia moja ya hizi mbili: ama maji yamezuiliwa, ama pazia na tundu lake vimeharibika.

Tuanze na maji. Maji yale hayatulii mahali pamoja kama maji ya mtungini. Hutengenezwa daima nyuma ya irisi, hupita katika mboni, huja mbele, kisha hutoka kwa njia nyembamba kama chujio, iliyo katika pembe ambapo irisi na konea hukutana. Ni kama maji ya mfereji wa shamba: yanayoingia yakilingana na yanayotoka, shamba li salama. Lakini katika macho ya watu wengine, hasa waliopita umri wa miaka 40, na wanawake kuliko wanaume, nafasi ya ndani ni finyu, na irisi hukaribiana mno na lenzi. Maji hupita kwa shida. Hukusanyika nyuma ya irisi, huisukuma mbele kama upepo usukumavyo tanga, hata irisi huenda ikaiziba ile pembe ya kutokea. Hapo mlango umefungwa, na maji yangali yakiingia.

Mtu huyo hupatwa na taabu kuu. Mara nyingi huanza jioni, mwanga unapopungua na mboni inapopanuka. Jicho huuma sana, maumivu hupanda kichwani, na mgonjwa hutapika. Jicho huwa jekundu, konea huingia ukungu, na akitazama taa huona duara za rangi kuizunguka. Mboni hukaa wazi, wala haisinyai kwa nuru. Ukilipapasa jicho juu ya kope, ni gumu kama jiwe. Msukumo wa maji katika jicho zima huwa kwa kawaida kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Katika shambulio hili huweza kupita 50. Msukumo huu huudhuru mshipa wa kuonea ulio nyuma ya jicho, na mshipa huo ukifa haufufuki. Tena, kwa kuwa mgonjwa anatapika na kuumwa na kichwa, jamaa zake hudhani ni homa ya malaria, wakamlaza, wakangoja kesho. Nao hawajui ya kuwa kila saa ipitayo inachukua sehemu ya kuona kwake.

Ugonjwa huu ni aina moja ya glaukoma. Iko aina nyingine, ambayo ndiyo iliyo nyingi katika Afrika. Hiyo huja kimya, pasipo maumivu, na pembe ya jicho i wazi. Haitokani na irisi kuziba mlango, kwa hiyo hatutaieleza hapa. Ila twasema ya kuwa watu wazima yawapasa kupimwa macho hata kama hawaumwi.

Kwa miaka mingi sana matabibu hawakuwa na la kumfanyia mtu aliyefungwa mlango wa jicho. Aliyeonyesha njia ni Albrecht von Graefe wa mji wa Berlin, aliyezaliwa mwaka wa 1828. Alikuwa na hospitali ya macho, na maskini aliwatibu bure. Katika mwaka wa 1857 alitangaza ya kuwa kipande kidogo cha irisi kikikatwa na kutolewa, jicho lililokuwa gumu hulainika na maumivu huisha, na mgonjwa akiwahi huweza kupata tena kuona kwake. Ukumbuke ya kuwa siku zile hapakuwa na matone ya kulitia jicho ganzi. Matone hayo yalijulikana mwaka wa 1884, kwa kazi ya Karl Koller wa Vienna. Von Graefe alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1870, umri wake miaka 42, naye hakuwa amejua sawasawa kwa nini njia yake inafaa. Baadaye, katika mwaka wa 1920, Edward Curran wa Marekani alieleza ya kuwa siri ni lile tundu: maji yakipata njia nyingine ya kupita katika irisi, pazia hurudi nyuma na pembe hufunguka. Tundu dogo latosha.

Hapa iko ajabu moja. Ukijikata kidole, jeraha hufunga. Irisi sivyo, ikikatwa au kutobolewa, kwa kawaida hubaki wazi. Mahali pengine hiyo ingekuwa hasara, bali hapa ni faida kubwa.

Siku hizi kisu hakitakiwi mara nyingi. Kwanza mgonjwa hupewa dawa za kuushusha msukumo. Kisha daktari hutumia nuru yenye nguvu iitwayo leza, iliyoanza kutumiwa kwa kazi hii katika miaka ya 1970 na 1980. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, huketi, huweka kidevu chake juu ya chombo, na daktari huilenga nuru ile karibu na ukingo wa nje wa irisi, mara nyingi upande wa juu unaofunikwa na kope. Kazi ni ya dakika chache, na mgonjwa huweza kurudi kwake siku ile ile. Jicho la pili nalo hutobolewa ijapokuwa haliumwi. Maana macho ya mtu mmoja hufanana, na lililolipata la kwanza huenda likalipata la pili.

Dawa ya matone iliyofaa kwanza ugonjwa huu ilitoka Afrika. Katika nchi ya Calabar, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria, palikuwa na haragwe la sumu liitwalo esere. Mtu aliyeshitakiwa uchawi alinyweshwa sumu ile. Akifa, walisema ana hatia. Akitapika na kupona, walisema hana. Haragwe hilo lilipelekwa Uskoti, katika mji wa Edinburgh. Huko, mwaka wa 1855, mwalimu wa utabibu Robert Christison alikula kiasi kidogo mwenyewe apate kuijua nguvu yake, naye nusura afe. Usiufuate mfano wake! Baadaye Thomas Fraser, wa mji ule ule, aliona ya kuwa dawa ya haragwe lile ikitiwa jichoni, mboni husinyaa ikawa ndogo kama kichwa cha sindano. Na mwaka wa 1863 Douglas Argyll Robertson aliwatangazia matabibu wa macho habari hiyo. Mboni ikisinyaa, irisi hunyoshwa na kuvutwa mbali na pembe. Mwaka wa 1876 Ludwig Laqueur, tabibu wa Strasbourg ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa glaukoma, aliitumia kuutibu ugonjwa huo. Hivyo haragwe lililowaua watu wasio na hatia liligeuka likawa la kuokoa macho. Siku hizi hutumika zaidi dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, iliyopatikana katika mmea wa Brazil.

Sasa tutazame pazia lenyewe likiugua. Irisi huweza kuvimba na kuwaka kama kiungo kingine chochote. Mgonjwa huumwa, hawezi kuvumilia mwanga, na machozi humtoka. Wekundu hukaza kuizunguka konea kama pete; tena hakuna matongo mazito kama ya macho mekundu ya kawaida. Mboni huwa ndogo. Sababu ni nyingi: kuumia, magonjwa ya viungo, kifua kikuu, kaswende, ukoma, na mara nyingi sababu haionekani. Hatari yake ni hii. Irisi iliyovimba hutoa ute unatao kama gundi, na kwa kuwa imeegemea lenzi, huganda nayo. Mboni hupoteza uduara wake ikawa na pembepembe. Ikiganda pande zote, maji hayapati pa kupita, na yale tuliyoyasema juu ya mlango uliofungwa hutukia hapa pia.

Kwa hiyo daktari hutia matone ya kuipanua mboni, pazia lisipate kuganda, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Dawa moja ya kupanua mboni ni atropini, ipatikanayo katika mmea wa sumu uitwao beladona. Sasa fikiri. Katika ugonjwa wa kwanza, ule wa mlango uliofungwa, mboni husinyazwa. Katika ugonjwa huu wa pili hupanuliwa. Macho yote mawili ni mekundu, yote mawili yanauma, na dawa ya huyu yaweza kumpofusha yule. Basi usimpe jirani yako matone yaliyokufaa wewe, wala usikubali kutiwa yake.

Katika ukoma irisi huweza kuugua polepole, miaka mingi, pasipo maumivu makali. Misuli yake hunyauka, mboni ikawa kama tundu la sindano, nuru ikaingia kidogo tu. Ukoma wenyewe leo huponywa kwa vidonge, lakini walioupata yafaa wapimwe macho mara kwa mara.

Je, mboni ikifungika kabisa, iko njia? Iko. Mwaka wa 1728 mpasuaji William Cheselden wa London alieleza jinsi alivyoingiza jichoni kisu chembamba kama sindano, chenye makali upande mmoja, akaipasua irisi na kufanya mboni mpya. Mwaka ule ule aliandika pia habari za mvulana wa umri wa miaka kama 13, aliyekuwa kipofu tangu utoto. Ugonjwa wa huyu haukuwa wa irisi, ila wa lenzi iliyoingia ukungu, tuuitao mtoto wa jicho, na Cheselden aliisukuma lenzi ile kando. Mvulana alipoanza kuona, alidhani kila kitu chamgusa macho. Hakuweza kumtambua paka na mbwa kwa kutazama tu. Siku moja alimkamata paka, akampapasa, huku akimkazia macho, apate kumjua siku nyingine. Jicho lilikuwa limefunguliwa, lakini ubongo ulikuwa haujajifunza kuona. Nasi twapata fundisho: mtoto mwenye kasoro ya jicho apelekwe kwa daktari akingali mdogo, maana ubongo wa kuona hufundishwa utotoni.

Katika nchi za Afrika ya Mashariki irisi za watoto wengi zimeharibika kwa njia hii. Mtoto aliyekosa chakula chenye vitamini A hushikwa na surua. Konea yake hupata kidonda. Jamaa, kwa upendo lakini pasipo maarifa, humkamulia jichoni majani yaliyopondwa. Kidonda huzidi, konea hutoboka, maji ya jicho hutoka kwa nguvu, na irisi huchukuliwa na mkondo ikanasa katika tundu. Kovu jeupe hubaki. Ikiwa sehemu ya konea ingali safi, daktari huenda akakata dirisha katika irisi mkabala wa sehemu ile, nuru ipate kupita kando ya kovu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Chanjo ya surua, mboga za majani, maembe, mapapai na mayai ni vyepesi kupatikana kuliko kisu cha daktari.

Wako tena waliozaliwa na irisi isiyo kamili. Mmoja amekosa sehemu ya chini, na mboni yake ina umbo la tundu la ufunguo. Mwingine karibu hana irisi kabisa. Na ndugu zetu wenye ualbino irisi wanayo, lakini haina rangi ya kutosha kuizuia nuru, hata nuru hulipenya pazia lenyewe. Ndiyo sababu hukunja uso juani. Jambo hili si laana wala si uchawi. Ni upungufu wa rangi, uliorithiwa kwa baba na kwa mama. Mwenzako wa namna hii apewe nafasi karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua, avae kofia pana, wala asichekwe na mtu.

Mwisho, usikie habari za mtoto mmoja wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1809 katika kijiji cha Coupvray, na baba yake alikuwa akitengeneza matandiko ya farasi. Mwaka wa 1812, alipokuwa na umri wa miaka 3, aliingia katika karakana ya baba yake, akashika chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, nacho kikateleza kikamchoma jicho. Jicho lile likaharibika. Lakini msiba haukuishia hapo, maana la pili nalo, ambalo halikuguswa, lilivimba. Na alipofika umri wa miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Wengi wa matabibu wa leo hufikiri ya kuwa huo ulikuwa ugonjwa ambao jicho moja huugua kwa ajili ya jingine. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Jicho likichomwa, askari hao hukutana na nyama ya irisi na ya sehemu zilizo nyuma yake, ambayo hawakuizoea, wakaidhani adui; kisha huishambulia na katika jicho zima. Ugonjwa huu hutokea kwa nadra, na leo ziko dawa za kuutuliza, lakini kwa mtoto yule hazikuwako.

Jina lake ni Louis Braille. Alipelekwa katika shule ya vipofu ya Paris mwaka wa 1819, na alipokuwa kijana wa miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta zilizoinuka, yasomwayo kwa ncha za vidole. Aliyachapisha mwaka wa 1829, na leo vipofu wa dunia nzima huyasoma, hata wa nchi zetu, hata kwa Kiswahili. Mungu aliutoa wema katika msiba ule. Lakini sisi tusiutafute msiba.

Basi usicheze kwa mishale, wala manati, wala vijiti vyenye ncha. Mwenzako akichomwa jicho, usilisugue, usilikamue, usichomoe kitu kilichoingia, usitie dawa yo yote. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, umpeleke hospitalini saa ile ile. Na jicho la mtu ye yote likiwa jekundu na kuuma, nuru ikamchoma au kuona kwake kukapungua, usingoje kesho. Pengine wewe uliyesoma somo hili ndiwe pekee nyumbani kwenu ujuaye ya kuwa huyo bibi anayetapika jioni hana malaria. Usinyamaze kwa kuwa u mtoto. Sema kwa adabu, na useme upesi. Pazia lile halizidi ukucha wa kidole kwa upana, lakini likifungwa, ulimwengu wote hufungwa nalo.

MASWALI

1. Kwa nini mboni huonekana nyeusi?
2. Ukimulika jicho moja, kwa nini mboni ya jicho la pili husinyaa?
3. Eleza jinsi tundu dogo katika irisi linavyoweza kuliokoa jicho.
4. Kwa nini ni hatari kutumia matone ya macho ya mtu mwingine?
5. Mwenzako amechomwa jicho na mwiba. Utafanya nini, na hutafanya nini?